Nilipoulizwa Saro Yangu

Ulinipita barabarani. Usiseme hukuniona, maana macho yetu yaligongana. Nilikuwa na gauni la shule lililochanika begani, sina viatu, natokea kwenye mahindi ya watu nikihema kama mbuzi aliyekata kamba. Ulikuwa na baiskeli. Au ulikuwa na ndoo ya maji kichwani. Au ulikuwa ndani ya gari, kioo umepandisha. Vyovyote ulivyokuwa, ulijua Desemba ni mwezi gani huku kwetu, na ulijua msichana anayekimbia Desemba anakimbia nini. Ukageuza shingo ukaangalia mlima, kama vile mlima ule umeota asubuhi hiyo.

Mimi sisahau. Wengine wamepewa sauti ya kuimba, wengine miguu ya mpira, mimi nimepewa kukumbuka. Kwa hiyo leo kaa hapo nikusimulie mapenzi. Ndiyo, mapenzi. Umezoea msichana aliyekimbia asimuliwe kwenye semina, apigwe picha ya mgongo, apewe sabuni na daftari, basi. Hakuna aliyekuambia kwamba naye anakua, ananunua manukato, anampenda mwanaume mpaka chakula kinamshinda.

Naitwa Evelina. Mgahawa wangu wa kahawa uko Nyangoto, ndani ya banda lililokuwa karasha. Humu ndimo mawe ya dhahabu yalikuwa yanasagwa mpaka yanakuwa unga, mapipa ya chuma yakizunguka mchana kutwa, na watu wakiongea kwa mikono kwa sababu sauti ya mtu haikufua dafu. Mwenye karasha alipouza mitambo akahama, banda likabaki na vitako vya zege vilivyokuwa vinabeba injini, na harufu ya dizeli. Nilipolikodi watu walinicheka. Binti, humo hata panya walihama.

Mimi na rafiki yangu Teddy tulichimbua sakafu yote, udongo wote wenye zebaki, ile ya kukamatia dhahabu, ukatolewa, tukamwaga zege jipya. Vile vitako vya injini tukavipaka rangi, vikawa viti. Buni naitoa milimani, kwa wakulima wa huko juu Tarime, watu wanaolima kahawa tangu babu zao na kila asubuhi wanakunywa chai. Naikaanga mwenyewe, Teddy anaisaga. Wachimbaji wanakuja, manesi wanakuja, walimu waliohamishiwa huku bila kupenda wanakuja kulalamika. Kuna Masalu, Msukuma kutoka Geita, mchimbaji, ambaye kiti chake ni kile cha karibu na mlango.

"Evelina," huwa ananiambia, "kahawa yako chungu kama maneno ya mama mkwe."

"Weka sukari."

"Nitaweka ngapi? Mama mkwe hawekewi sukari."

Na kuna Chrispin.

Chrispin ni fundi wa kuchomelea, kwao Ringwani, ng'ambo ya mto Mara. Alikuja kunitengenezea geti. Nilimpelekea kahawa kwa sababu kila fundi nilimpelekea kahawa. Akainua ile ngao ya uso, macho mekundu kwa cheche, akapokea kikombe kwa mikono miwili kama mtu aliyepewa mtoto mchanga. Akakiangalia kikombe, akaniangalia mimi, akarudi kwenye kikombe, kama mtu aliyeambiwa achague kimoja. Geti likaisha. Akasema bawaba hazijakaa vizuri. Bawaba zikaisha. Akasema meza zangu za mbao hazifai, akaanza kunitengenezea za chuma kwa vipande vya karasha, meza moja moja, taratibu, kama mtu asiyetaka kazi iishe. Teddy akaniambia, "Huyu akimaliza meza atabomoa geti aanze upya."

Nilimwambia ukweli mapema. Nilimwambia, "Mimi ni msagane. Nilikimbia. Kama ni kuondoka, ondoka sasa, kabla sijaizoea harufu yako."

Msagane ndilo tusi la Wakurya wenzangu kwa mwanamke ambaye hakukeketwa. Msagane, wanasema, chakula cha mkono wake kina mkosi. Msagane hafungui lango la zizi ng'ombe wanaporudi jioni. Msagane hata azae kumi, bado ni mtoto.

Chrispin alicheka, ule mcheko wake unaoanzia mabegani. "Nilidhani unataka kuniambia una mume Sirari."

Ndivyo nilivyompenda. Moja kwa moja, kama mtu anavyotumbukia shimoni.

*

Jumamosi hiyo alikuwa anamleta mama yake kuniona. Nilikuwa nimebadilisha gauni mpaka Teddy akanifungia kabati.

"Wamefika," akasema akichungulia nje. Mchomoko, yale magari madogo ya abiria, ulikuwa umesimama getini. "Mama amevaa viatu vya kanisani. Dalili nzuri hiyo."

"Au anaenda msibani."

"Funga mdomo, tabasamu."

Alikuwa mwanamke mrefu, mwembamba, amenyooka. Jina lake Bhoke. Nilipiga goti kidogo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu." Aliniangalia kuanzia kichwani mpaka miguuni, na kurudi. "Chrispin, huyu ndiye?"

"Ndiye, mama."

"Mbona mwembamba hivi? Kahawa hainenepeshi?"

"Yanayonenepesha ni maandazi, mama," Teddy akadakia, "na hayo yeye anatuachia sisi."

Mama Bhoke akacheka. Kicheko kilikuwa kile kile cha mabegani, nikakitambua, nikampenda hapo hapo. Akaingia, akasimama katikati ya banda, akainua uso kwenye mabati.

"Karasha hili," akasema. "Nalijua, siyo hili, ndugu zake. Marehemu baba yake Chrispin masikio yake aliyaacha kwenye banda kama hili. Nikimwita kula, mpaka nimrushie kijiti."

"Shikamoo mayu," Masalu akamsalimia kwa Kisukuma chake.

"Marahaba. Wewe ni wa wapi?"

"Geita, mayu. Nilikuja kutafuta dhahabu, nimepata kahawa."

"Afadhali. Kahawa haikuporomokei kichwani."

Hata Chrispin akacheka. Alikuwa amevaa shati jeupe ambalo nilikuwa sijawahi kuliona, kola imepigwa pasi mpaka inang'aa. Alikaa karibu na mama yake, nikakaa mbele yao, na chini ya meza goti lake likaligusa langu, likatulia hapo. Nikashindwa kukumbuka nilitaka kusema nini.

Kahawa nilimletea mwenyewe. Aliishika, akaipuliza, akanywa funda, akafumba macho.

"Buni ya wapi hii?"

"Ya milimani, mama. Juu huko."

"Nimezaliwa juu huko." Akanywa tena. "Nimechuma kahawa tangu niko mdogo, vidole vikawa vyeusi. Sijawahi kuinywa hata siku moja. Ilikuwa inaingia kwenye magunia inaondoka, sisi tunabaki na chai ya rangi. Kumbe ndivyo ilivyo." Akamgeukia mwanawe. "Una bahati, mura. Huyu ana mkono mtamu."

Chrispin alinitazama. Ningeweza kukuambia mambo mengi kuhusu mtazamo ule, lakini baki na hili: mwanamke yeyote aliyewahi kutazamwa vile mara moja, anajua kwa nini wanawake wanavumilia mengi.

"Mimi nimezeeka," Mama Bhoke akaendelea, kikombe mkononi. "Ng'ombe wakirudi jioni, ile miti ya lango la zizi inanishinda kuitoa. Mke wa mwanangu mkubwa yuko Mwanza na mume wake. Nimekuwa nikisema, Mungu akinipa mke wa Chrispin, nitampokeza lango. Utalifungua?"

Lango. Mimi, nifungue lango la ng'ombe. Damu ilinipanda mpaka masikioni. Nikajua Chrispin amemweleza yote na mama amekubali, amenikubali nilivyo, mwanamke wa umri ule, wa kule. Nilimwangalia Chrispin nikitaka kulia mbele za wateja.

"Nitalifungua, mama."

"Basi vizuri." Akaweka kikombe chini, akajifuta midomo kwa ncha ya kitenge. "Ehe, na wewe ni wa saro ipi? Nahesabu umri wako naona unaweza kuwa pamoja na binti wa shemeji yangu."

Ngoja nikueleze, kama hutoki huku. Kila msimu wa kutahiri una jina. Waliopita msimu mmoja ni saro moja, na jina hilo mtu anakaa nalo mpaka kaburini. Kwa saro yako mtu anajua akutanie au akuheshimu, akuite dada au akuite mama. Ni swali la kawaida kabisa. Ni kama kuuliza umesoma shule gani.

Ila msagane haulizwi swali hilo.

Nilimwangalia tena Chrispin. Alikuwa anaangalia kijiko.

"Mama," akasema haraka, "Evelina alikwenda upande wa Kenya, kwa shangazi yake. Huko wana majina yao."

"Majina yao yapi? Wakurya wa kule na wa huku si wa tumbo moja? Lisemwe tu, hata la kule nitalijua."

Goti lake lilikuwa bado limegusa langu. Nikaliondoa langu.

Teddy alikuja kufuta meza ambayo haikuwa na uchafu. Aliinama, akaninong'oneza sikioni jina la saro. Ni neno moja. Teddy ni wa saro hiyo mwenyewe. Bibi yake alimpeleka akakeketwa, hakuwa na pa kukimbilia. "Sema tu, ndugu yangu," akaongeza. "Sema, yaishe."

Nililiweka neno lile ulimini. Usifikiri sikulionja. Nyuma yake kulikuwa na Chrispin na shati lake jeupe. Kulikuwa na nyumba ya kwenda sikukuu. Kulikuwa na mama anayecheka kwa mabega, ananiita mwanangu. Mama yangu mzazi tangu siku niliyokimbia hajaniita hata jina. Wewe unayesoma umeshasema moyoni, si aseme tu, uongo mdogo, mapenzi yaendelee. Nakusikia.

"Sina saro, mama."

Masalu aliacha kukoroga.

"Sijakusikia vizuri," akasema Mama Bhoke.

"Sina saro. Sikukeketwa. Nilikimbia."

*

Aliangalia kile kikombe. Halafu kwa ncha ya kidole kimoja akakisukuma mbali naye, taratibu, mpaka katikati ya meza.

"Umeninywesha kwa mkono wa msagane."

"Ndiyo, mama. Umesema ni mtamu."

"Evelina," Chrispin akasema.

"Wewe nyamaza," mama yake akamwambia, bila kupandisha sauti. "Uliniambia nini, mura? Nilikuuliza mbele ya moto wangu, ukaniambia nini?"

"Nilidanganya." Sauti ilikuwa ya mtoto. "Nilitaka kwanza umpende."

"Ulitaka niingize mtu zizini kwangu kwa uongo."

"Na ulitaka mimi niingie kwa uongo," nikasema, na hapo, kwa muda mfupi wa kushangaza, mimi na Mama Bhoke tulikuwa upande mmoja, tunamwangalia mwanaume mmoja.

Haukudumu. Alijinyoosha, akaweka mikono yake mezani, akageuka kwangu na uso wa mtu anayetaka kusaidia. Hilo ndilo lililonitisha. Hakuwa na ukali.

"Sikiliza, mwanangu. Bado haijaharibika. Desemba hii hapa. Ester wetu, mdogo wake Chrispin, anaingia. Mtaingia wote, wifi na wifi. Watu wazima wanafanyiwa, kuna waliofanyiwa wakiwa na mtoto mgongoni. Ni siku moja. Ukitoka hapo harusi ni yako, lango ni lako, mimi ni mama yako."

"Hapana."

"Usijibu haraka."

"Sijibu haraka, mama. Nilijibu nikiwa na miaka kumi na miwili. Sijabadilisha."

"Unafikiri mimi niliipenda?" Sasa sauti ilipanda, na kichwa kimoja baada ya kingine vikageuka. "Mama yangu mzazi ndiye aliyenishika, magoti yake hapa kifuani. Nilikaa ndani wenzangu wakichuma kahawa, nawasikia wakiimba. Kumzaa huyu nusura nife. Unafikiri wewe ndiye wa kwanza kuogopa?"

"Hapana, mama. Nafikiri unakumbuka kuliko mimi. Ndiyo maana sikuelewi."

Akaanza kukunja ncha ya kitenge chake kidoleni.

"Watu hawatakula kwangu," akasema baadaye, chini chini. "Unaelewa? Wenye umri wangu watapita boma langu kama wanapita kaburi. Siku nikifa watakaa nje wananong'ona."

"Watakaa nje kwa sababu yangu, au kwa sababu utawaacha wakae?"

"Una mdomo."

"Ninao. Nilikimbia nao."

Nikainuka, nikaenda stoo.

*

Chrispin alinifuata. Stoo yangu ni ndogo, magunia ya buni mpaka juu, ukisimama watu wawili lazima mgusane. Miezi yote tulikuwa tumelishukuru hilo.

"Eve."

"Usiniite Eve. Jina hilo ni la siku nzuri."

"Nilitaka tupite tu leo. Akupende, akuzoee, halafu tungeona."

"Tungeona nini? Niishi kwenu na saro ya kuazima? Kila mwanamke kisimani ananiuliza, nachagua uongo wa asubuhi na uongo wa jioni, mpaka lini?"

"Ningekulinda."

"Umeshindwa kunilinda na swali moja, Chrispin. Uliangalia kijiko."

Alijiegemeza kwenye magunia. Macho yake yalikuwa mekundu, na siku hiyo hakuwa amechomelea chochote.

"Nakupenda," akasema.

"Najua. Ndiyo maana nina hasira. Ningekuwa sikupendi ningekuchekea, nikakutoza kahawa, ukaondoka."

"Tuhame. Niambie wapi. Mwanza, Kahama, popote kwenye chuma cha kuchomelea."

"Sihami. Nilishakimbia, miguu yangu imemaliza zamu yake. Ahame mwingine." Nikavuta pumzi. "Ester ana miaka mingapi?"

"Kumi na mitatu."

"Anajua?"

Nje nilimsikia Teddy akigonganisha vikombe kwa makusudi, ili wateja wasitusikie.

"Aliniuliza," akasema. "Wiki iliyopita, nilipokwenda nyumbani. Aliniuliza kama inauma."

"Ukamwambia nini?"

"Nilimwambia akateke maji."

Nilimtazama mwanaume yule, mikono ile niliyokuwa naijua kovu kwa kovu, na nikamwona kama mtu mwingine. Nilimwona juu ya baiskeli.

"Nenda kamchukue," nikasema.

"Evelina."

"Leo. Usiende kwa ajili yangu, nisikilize vizuri. Hata ungekuwa umenichoka, hata ungekuwa unamwoa mwingine kesho, Ester angekuwa bado ana miaka kumi na mitatu, na bado amekuuliza wewe. Hakumuuliza mwingine. Mlete hapa, atalala na mimi. Wapo masista wanaowapokea wasichana mpaka msimu upite, nawafahamu, walinilea."

"Wazee watanitenga."

"Watakutenga. Karibu. Huku tulikotengwa nafasi ipo, na kahawa ipo."

Alicheka, au alilia, kwa mabega yale huwezi kutofautisha. Akanyoosha mkono akanigusa shavu, kidole gumba chenye ugumu wa chuma, na mwili wangu, msaliti, ukataka kumsamehe pale pale kwenye magunia. Nikamshika ile kola yake ya pasi, nikambusu, busu la hasira, mpaka kola ikakunjamana.

"Hilo ni la safari," nikamwambia. "Msamaha bado."

*

Alitoka mbele, mimi nyuma. Mama Bhoke alikuwa pale pale.

"Mama," Chrispin akasema, "nakwenda nyumbani kumchukua Ester."

"Kumpeleka wapi?"

"Hapa. Hataingia Desemba."

Masalu, ambaye alikuwa amejifanya anasoma maandishi ya gunia la sukari muda wote, aliingiza mkono mfukoni akatoa funguo za pikipiki yake, akamrushia. "Breki ya nyuma haina adabu," akasema. "Tumia ya mbele."

"Mura," Mama Bhoke akasema. "Ukitoka na yule mtoto kwenye boma langu, usiniite mama tena."

Chrispin alisimama mlangoni. Nilijua anakata kitu ambacho hakichomelewi.

"Nitakuita," akasema. "Kuitika utaamua mwenyewe."

Pikipiki iliwaka, ikakohoa, ikaenda.

Dereva wa mchomoko alipiga honi. "Mama, tunaondoka au tunalala?" Mama Bhoke alifungua pindo la kitenge chake akatoa simu, ile ndogo ya vitufe, akaishika kwa mikono miwili. Sote tulielewa. Simu moja tu kwa baba mdogo wa Ester, na yule mtoto angefichwa kwa shangazi kabla Chrispin hajavuka daraja la Mara. Baada ya hapo angesubiriwa na Desemba yake, na mimi na Chrispin tungebaki na mapenzi yetu ya stoo.

Nilikaa mbele yake, pale alipokuwa amekaa mwanawe. Sikumwomba. Niliomba sana nilipokuwa mdogo, kwa Kikurya na kwa Kiswahili, nikamaliza akiba yote.

"Piga, mama," nikasema. "Lakini utapiga nikiwa hapa nakutazama. Sitakuondokea."

Kidole gumba kilikuwa juu ya kitufe. Kilikaa hapo. Nilitazama mishipa ya mkono wake, nikayafikiria magoti ya mama yake. Hakuwa ananitazama mimi. Alikuwa anatazama ukutani, pale tulipotundika gunia la zamani la buni kama pambo, na midomo yake ilikuwa inatembea kidogo, kama mtu anayeufuata wimbo unaoimbwa mbali.

Akapiga.

Kwa mazoea ya kuishi na mume asiyesikia, alikuwa anaongea na simu kama anamwita mtu ng'ambo ya mto. Banda zima lilimsikia.

"Haloo. Nani wewe? Hapana, wewe sikutaki. Nipe Ester." Akasubiri. "Ester. Uko wapi? Unapika nini? Acha. Epua, acha hapo. Vaa viatu. Vile vya shule, ndiyo. Kaka yako anakuja na pikipiki." Akasikiliza. "Usimwambie baba yako mdogo. Usimwambie mtu. Chukua sweta, kaa barabarani. Kaa barabarani, nimesema, ukimwona panda." Akasikiliza tena, muda mrefu zaidi. Sauti yake iliposhuka, tulilazimika kuacha kupumua ili tuisikie. "Ndiyo, mwanangu. Inauma. Panda pikipiki."

Aliiweka simu mezani. Teddy alikuwa amejifunika uso kwa kitambaa cha kufutia meza.

"Sijakukubali," Mama Bhoke akaniambia.

"Sijakuuliza, mama."

"Na sijui nitaishije na watu."

"Hata mimi sikujua."

Mkono wake ulikuwa umebaki juu ya meza ya chuma. Nikauweka wangu juu yake, mkono wa msagane, na hakuuondoa.

Sasa wewe. Usinipongeze, na usiniambie umetokwa machozi. Nyumbani kwenu, au kwa jirani, au kwa ndugu za mume wako, yuko mmoja wa miaka kumi na miwili, kumi na mitatu. Ameanza kununuliwa kanga, anapikiwa vizuri kuliko zamani, anakatazwa kwenda mbali, na akiuliza swali anatumwa maji. Jina lake unalijua, limekujia sasa hivi. Shule zinakaribia kufungwa. Weka kitabu chini. Usimalize ukurasa, usingoje jioni, usimuulize mwenzako anaonaje. Mpigie. Akipokea usimhubirie, mwambie avae viatu akae barabarani. Halafu simama uende kumchukua.